Hajambo Kidogo

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Nasrin ametuagiza tuandike shajara ya Kiingereza mpaka masika yaishe, ukurasa mmoja kila siku, na atakayetumia "nice" atafagia darasa. Ile nimeianza, nimeandika habari za mawingu. Hii nyingine ni ya Kiswahili na naificha ndani ya ndoo ya unga, kwa sababu hofu yangu haijajua Kiingereza.

Leo ni siku ya nane tangu tumshushe mgeni wetu Mama Judith mlimani kwa machela. Jana walimsafirisha kwao Uingereza, hajitambui. Hatujaambiwa zaidi ya hapo. Simu ikilia nadhani ni habari yake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Simu haikulia.

Jumamosi, 15 Machi

Darasani. Tuko saba, wote waongoza watalii, mwanamke ni mimi peke yangu. Chumba kiko juu ya duka la kushonea la Hafidhi, kaka yake mwalimu, na vyerehani vikianza kukimbia huko chini ubao hutetemeka. Mwalimu amefunga, sauti imemkauka, lakini huruma hana.

Kila Jumamosi huchora ngazi ubaoni, nasi tunapanga maneno kwa uzito wake. Leo yalikuwa maneno ya mtu asiyeshughulikia jambo. "Overlook" liko chini: hukuona, umepitiwa. "Neglect" liko katikati: ulipaswa kutunza, ukazembea. "Ignore" liko juu kabisa: uliona, ulijua, ukageuza uso.

"Kabla hujachagua," akasema, "jiulize, huyu mtu ninayemsema alijua nini?"

Rahim akainua mkono. "Mwalimu, basi mke wangu anakaa juu ya ngazi. Simu zangu zote anaziona."

Tulicheka, na mimi pia. Halafu nikakumbuka, nikaona aibu kucheka.

Jumatano, 19 Machi

Bosi Basili kaniita ofisini. Huyu ndiye mwenye kampuni, na fulana ya kampuni haivui hata Jumapili. Alikuwa ameshika barua kutoka kwa Clare, binti wa Mama Judith.

Mama Judith ameamka. Anatembea akishika ukuta. Ila maneno yamemtoka. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na sita, na sasa kijiko anakiita "kile kitu". Clare anasema hatafuti kesi. Anataka karatasi moja iliyosainiwa na watu wawili waliokuwa na mama yake, iseme kilichotokea tangu alasiri ile mpaka asubuhi. Nakala itakwenda kwa wanaotoa vibali vya kuongoza watalii.

"Aika, Kiingereza kilichonyooka hapa ni chako," Bosi akasema. "Andika kwa niaba yenu wote wawili. Mzee Jovin atasaini."

Mzee Jovin ndiye kiongozi wetu mkuu. Ana miaka thelathini mlimani, na Kiingereza chake ni cha mlimani vilevile: polepole, kunywa maji, vizuri sana. Alinipokea kuwa mpagazi wakati wengine walisema mgongo wa msichana ni wa kubebea watoto, na ni yeye aliyenisukuma nisome mpaka nikawa msaidizi wake. Sasa nitamwandikia karatasi ambayo hawezi kuipima, naye ataisaini. Neno moja langu linaweza kumwondolea mlima. Nilitoka pale nikatembea na mvua mpaka chumbani kwangu Shirimatunda.

Jumapili, 23 Machi

Nilipanda nyumbani kwa mama, nikamkuta Mzee Jovin mlangoni mwa kanisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unaniandikia. Andika tu, wala usinisomee. Kwenye makaratasi macho yangu ni wewe."

Mama alinipikia mtori, sikumaliza hata nusu bakuli. Akaniuliza kama nina malaria. Nikasema nimechoka kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Nilimpelekea Bosi rasimu ya kwanza. Ilikuwa imejaa maneno laini, kila sentensi inajikunyata. Akaisoma kwa kidole, akasimama katikati.

"Hapa hapaeleweki. Nani alikosea? Weka hivi: msaidizi alimshauri kiongozi amshushe mgonjwa, kiongozi akapuuza. Weka lile neno, 'ignored'."

Bosi hana Kiingereza kingi, lakini hilo alikuwa nalo tayari.

"Mzee hakupuuza, Bosi."

"Mzee ana miaka sitini na moja. Kihamba cha migomba anacho, ng'ombe anao, watoto wameshaondoka. Wewe una miaka ishirini na saba na kibali hiki ndicho cha kwanza. Mti ukianguka lazima umwangukie mtu, Aika. Sikutishi. Nakuambia kama kaka."

Alinitisha. Na kibaya zaidi, usiku nilipolala niliona ana akili.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeliandika. Nimelifuta. Nimeliandika.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani. Niandike sasa kilichotokea, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Ilikuwa saa kumi alasiri, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Theluji yenye maji ilikuwa inaanguka na wapagazi wamelowa mpaka mifupani. Niliingia hemani kwa Mama Judith nikamkuta anajaribu kuvaa glovu mguuni. Akaivuta, akaitazama, akaivuta tena. Pembeni alikuwa ametapika. Hewa ya juu ikimpiga mtu kichwani huanza hivyo, na dawa yake ni kumshusha palepale. Nikamuuliza hali.

"Not too bad," akasema, yaani si vibaya sana. Akatabasamu.

Tabasamu lile nalijua. Ni la bibi yangu, ambaye tumbo lilimla miezi mitatu na kila aliyekuja kumwona alimjibu "sijambo kidogo". Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgonjwa hatangazi maumivu, na anayemuuguza hamtangazii. Mtu akiwa taabani tunasema hajambo kidogo. Tukishamzika ndipo tunasema alikuwa anaumwa sana. Nilimwangalia yule mama wa Kizungu nikajua kwamba na wao kwao wana adabu hiyohiyo, na kwamba mbele yangu kuna mtu anayeondoka.

Mzee Jovin ana desturi yake. Jioni, kwenye hema la jikoni, humzungukia kila msaidizi na kumuuliza mgeni wake yukoje, mbele ya watu wote. Zamu yangu ilipofika, nilisema: "Hajambo kidogo, Mzee. Amechoka tu."

Kwa nini? Mwaka jana nilipiga kelele kwa sababu ya mgeni mmoja, tukamshusha mbio, kumbe ni maharage yamemvuruga. Tangu siku hiyo wapagazi wananiita King'ora. Nikipita wanalia wii-wii-wii. Pale jikoni walikuwa wote kumi na wanane, na vikombe mikononi, wananitazama. Niliogopa kuchekwa. Naandika tena ili nilione vizuri: niliogopa kuchekwa.

Mzee aliniangalia usoni. Halafu akasema, "Basi tutaona asubuhi."

Zikapita saa kumi na nne. Asubuhi Mama Judith hakujua jina lake.

Kwa hiyo hakuna ushauri niliotoa. Na kama neno lile la juu ya ngazi ni la mtu aliyeona, akajua, akageuza uso, basi tayari lina mwenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Mabogini maji yamefunika majaruba ya mpunga. Wanasema mvua bado.

Jumamosi, 5 Aprili

Darasa la kwanza baada ya Idi. Mwalimu Nasrin alileta visheti kwenye sinia, Rahim akala sita. Wenzangu walipotoka nilibaki, nikamuuliza kama kuna neno lililo katikati ya kupitiwa na kupuuza, lisilo zito sana.

Aliweka chaki chini. "Aikaeli, umesoma hapa mwaka mzima na hujawahi kuniuliza neno bila sentensi yake. Leo umeniletea neno peke yake. Sentensi iko wapi?"

Nikampa karatasi. Alisoma amesimama dirishani, na vyerehani vya Hafidhi vinakimbia chini. Nilingoja aninyooshee makosa.

"Kiingereza hakina kosa hata moja," akasema. "Ndiyo maana kinanitisha. Mtu wa kawaida akidanganya, maneno yake huchechemea. Haya yanatembea vizuri."

"Sijasema uongo, Mwalimu. Nimechagua tu."

"Haya. Na huyo mzee anajua ulichomchagulia?"

Nikaichukua karatasi yangu. Alinifungia visheti vitatu kwenye gazeti, akanishika bega, akaniambia niende nyumbani kabla mvua haijaanza. Nilimchukia njia nzima. Sasa nimekula visheti na namchukia kidogo tu.

Jumatano, 9 Aprili

Bosi anataka karatasi kabla ya Pasaka. Ameuliza mara mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Ameuliza mara ya tatu. Mfereji wa juu kwetu umepasuka, umepita na migomba minne ya mama. Kila kishindo nadhani ni cha kunijia mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda darasani. Nilipanda kwa mama, nikamkuta anamkatia ng'ombe majani, nikamwambia yote, hata la kuchekwa. Aliendelea kukata. Alipomaliza fungu lile akafuta panga kwenye gauni.

"Na kesho unakwenda kwa Jovin?"

"Naogopa, mama."

"Ogopa. Lakini huendi kwa mzee mikono mitupu."

Akaenda mpakani mwa kihamba, kwenye ule uzio wa masale aliopanda babu, akakata jani moja refu la kijani. Kwetu anayekuja ameshika isale amekuja kuomba radhi, na hata kama amekuulia mtu humfukuzi bila kumsikiliza. Sijawahi kulishika kwa jambo langu mwenyewe. Jani ni jepesi, lakini nililibeba kwa mikono miwili.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisa zima lilikuwa limeshika matawi, kwa hiyo jani langu halikuonekana. Niliimba nimelikumbatia na nikamwomba Mungu ibada isiishe.

Mzee Jovin nilimkuta bandani, anampa ng'ombe maji, koti la kanisani bado mwilini. Aliona nilichoshika, akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Nilimwambia glovu, matapishi, tabasamu. Nilimwambia kwamba niliona mgonjwa wa kubebwa palepale, nikamtangaza kuwa amechoka. Nilimwambia na neno ambalo Bosi anataka niliweke juu ya jina lake, na kwamba lilikaa kwenye daftari langu siku kumi na sita na kuna siku nililipenda. Nilikuwa nalia, pua inanitiririka, ng'ombe ananitazama.

Hakulipokea jani. Niliona ndiyo basi, amenikataa.

"Keti," akasema. Tukaketi kwenye gogo. "Aika, mimi nimezaliwa wapi?"

"Hapa, Mzee."

"Sasa unadhani sijui 'hajambo kidogo' ni nini? Baba yangu alifia humu ndani akiwa hajambo kidogo. Mtu wa kwetu akiniambia kidogo, mimi natafuta machela. Nilikusikia vizuri sana pale jikoni. Nilikuangalia usoni nikaona yote uliyoyaona."

"Sasa mbona…"

"Theluji ilikuwa inaanguka. Wapagazi wamelowa. Njia inateleza, na mimi goti langu hili. Nikawaza, nikiwatoa sasa naweza kumvunja mtu mguu. Nikachoka kuwaza. Wewe ukanipa neno dogo, nikajificha nyuma yake mpaka asubuhi."

Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Miaka yote nimemfuata mzee huyu juu ya miamba nikiamini kwamba yeye haogopi, na leo nimemwona anaogopa. Hofu yangu haikupungua, ila ilipata mwenzake.

"Tangu siku ile silali," akasema. "Nilipokuambia uandike bila kunisomea, haikuwa kwa kukuamini tu. Nilikuwa sitaki kujua."

Nikatoa karatasi mpya na kalamu, tukaandika pale bandani. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anakubali au anakataa, ndipo naweka Kiingereza. Ilikuwa sentensi tatu tu za maana. Aikaeli aliona zaidi ya alichosema. Jovin alielewa zaidi ya alichoambiwa. Wote wawili tulingoja.

Kwenye ya pili nilikuwa nimeandika "heard". Akaniuliza nimeweka nini. Nikamwambia nimeweka alisikia.

"Mbona umenipunguzia? Kusikia hata ng'ombe huyu anasikia. Mimi nilielewa. Neno hilo kwao hakuna?"

"Lipo, Mzee. Lakini likiingia hilo, kibali kinaondoka."

"Liweke."

Nikaweka "understood". Mwaka mzima wa ngazi za Mwalimu Nasrin, na neno lililo sahihi kuliko yote limechaguliwa na mzee asiyejua Kiingereza. Alisaini polepole, jina zima. Nami nikasaini chini yake. Nikamnyooshea tena jani.

"Hilo si langu," akasema. "Mimi na wewe tumekosa pamoja, hatuwezi kupeana. Mpelekee aliyeumia."

Jumanne, 15 Aprili

Nimepeleka posta mwenyewe kabla sijapita ofisini, maana najijua. Isale nimelikunja mara tatu ndani ya karatasi. Nilitaka kumweleza Clare maana yake, nikajaza nusu ukurasa, nikaufuta wote. Nimeandika kwamba kwetu ukilikosea jambo ambalo maneno hayalitoshi, unakwenda na hili.

Jumatano, 16 Aprili

Bosi amesoma nakala. Aliirudia kwa kidole mpaka chai yake ikapoa.

"Umejichimbia kaburi, na la mzee wa watu pembeni."

"Ndiyo, Bosi."

"Nenda nyumbani. Usije mpaka nikuite."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua ya mawe.

Alhamisi, 8 Mei

Barua zimefika. Kibali cha Mzee Jovin kimefutwa. Changu kimesimamishwa mwaka mmoja. Mimi mwaka, yeye maisha, na sentensi zetu zilikuwa na urefu uleule.

Nilipanda kumpelekea. Aliniomba nimsomee, safari hii neno kwa neno. Akauliza ni wapi imeandikwa "kimefutwa", nikamwonyesha, akaweka kidole hapo. "Neno fupi," akasema. Halafu akachukua panga, tukaenda kumkatia ng'ombe majani mpaka jioni.

Jumanne, 13 Mei

Wapagazi wetu wawili nimewakuta stendi. Hawakulia wii-wii. Walinisalimia kwa heshima, nikaumia zaidi.

Jumamosi, 24 Mei

Clare yuko kimya. Labda jani limeozea njiani. Labda wamelitupa kwenye taka pamoja na majina yetu. Mwalimu Nasrin ameniambia nirudi darasani, kibali wamesimamisha, akili hawajaisimamisha. Nimerudi. Nimefagia pia, niliandika "nice".

Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimekatika. Asubuhi mlima ulikuwa hauna wingu, umevaa theluji mpya mpaka mabegani, na niliuangalia kama mtu anayenidai au ninayemdai, sijui.

Mchana, baada ya darasa, barua pepe ya Clare iliingia. Nilisoma nimekaa kwenye ngazi za duka la Hafidhi.

Anasema karatasi alimsomea mama yake mara tatu. Anasema hawezi kusema ametusamehe, na asingependa tumharakishe. Jani mama amelitaka mwenyewe, analiweka ndani ya kamusi yake ya zamani, kila jioni analitoa na kulitazama. Nilishukuru, nikalia kidogo, nikaendelea kusoma.

Mwishoni ameandika kwamba kuna habari njema. Tangu Jumatano mama anaongea kidogo. Anashinda kitandani, chakula hataki, lakini kila anayemuuliza hali anamjibu sentensi nzima bila kukwama, tena kwa tabasamu. "Not too bad," anasema. Nyumba nzima imefurahi. Daktari atamwona mwisho wa mwezi.

Nililiona tena lile hema, na ile glovu.

Sikufungua kamusi wala sikuchora ngazi. Namba ya Clare ilikuwa chini ya jina lake, nikapiga palepale, nikiwa na salio la dakika tatu. Aliitika. Sauti yake ni changa kuliko nilivyodhani. Nikamwambia mimi ni Aikaeli wa mlimani, na kwamba nimesikia jibu lile mara moja maishani na najua linafuatwa na nini. Nikamwambia asingoje mwisho wa mwezi, asingoje jioni, amchukue mama sasa hivi. Nilikuwa napiga kelele. Vyerehani vilinyamaza, Hafidhi akatoka mlangoni na futi shingoni, Mwalimu akasimama juu ya ngazi, Rahim akageuka kutoka barabarani. Wote walinitazama.

Clare akauliza, kwa sauti ndogo, kama mama yake yuko vibaya.

Nikamwambia anaumwa. "Kidogo" sikuliweka popote.